Nguchiro Aliyekataa Kula

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilifuga nguchiro, na wanaotaka kucheka wacheke. Nyumbani kwetu karibu na Khayega, kuku ndiye heshima ya mgeni, na nguchiro ndiye anayemmaliza kuku huyo pamoja na mayai yake. Lakini huyu wangu, jirani alimwokota alipokuwa akifyeka kichaka, hajafumbua hata macho, akaniletea. Nilikuwa nimerudi kumtunza baba baada ya mama kufariki, na nyumba ilikuwa kimya mno. Nikamlea kwa maziwa mpaka akawa ananifuata kila niendako.

Baba hakumtaka. Aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na jina hilo lilimzuia kunigombeza sawasawa.

"Mama," alisema, "hiyo kitu yako ikigusa ingokho yangu hata moja, mimi na yeye tutaonana."

Hakugusa kuku hata mmoja. Nilimshibisha omena, wale dagaa wa ziwani, akawa hana haja ya wizi.

Mvua za masika zilipoanza, akaanza kupiga chafya. Makamasi mazito ya kijani yakamjaa puani, yakakauka yakawa ukoko. Daktari wa mifugo, ambaye alizoea ng'ombe, alimcheka kwanza, kisha akampima vizuri na kunipa dawa ya kumdondoshea mdomoni. Akapata nafuu. Dawa ilipoisha, makamasi yakarudi. Tukabadilisha dawa, yakaondoka, yakarudi tena. Mafua yale yalikuwa na kiburi.

Kila asubuhi nilimsafisha pua kwa pamba na maji ya chumvi ya vuguvugu. Kisha nilimpakata karibu na sufuria ya maji ya moto, tukajifunika shuka moja, tukavuta mvuke pamoja. Aliniuma vidole. Nilimtukana, halafu nikambusu kichwani. Nilimpenda, wala sioni haya kusema.

Siku moja nilikuta maji yamekwishachemshwa. Baba alisema ni ya chai, ingawa chai alikuwa ameshakunywa.

Kisha nguchiro akaacha kula. Daktari alinieleza bila kuzunguka: pua ikiziba hasikii harufu, na asiposikia harufu hajui kwamba chakula ni chakula. Kitakachomuua ni njaa, wala si mafua. Nilimwekea omena, yai, maini. Aligeuza uso. Nikabaki nikimtazama mbavu zikijichora, na nikaogopa, kwa maana mama naye alianza kuondoka hivyo hivyo, kwa kusukuma sahani.

Jumapili moja baba mdogo akaja kututembelea kutoka Mautuma. Akachinjwa jogoo, nikampika na obusuma, ugali wetu. Kwetu firigisi, imondo, ni ya mwenye boma. Haionjwi jikoni, na mwanamke haigusi ila anapoipakua. Niliiweka juu ya nyama ya baba, kama mama alivyokuwa akiiweka, nikaketi karibu na kikapu alimolala nguchiro akihema kwa mdomo.

Baba alituombea chakula. Akaitia firigisi mdomoni, akatafuna taratibu, muda mrefu. Kisha akainuka, akaja akapiga magoti kando ya kikapu, akaitema kiganjani. Ilikuwa laini, ingali na moto, inanukia mchuzi. Akaisogeza mpaka ikagusa ile pua iliyoziba.

"Kaka," baba mdogo akasema, "imondo unapatia mnyama?"

Baba aliushikilia mkono pale pale. Nguchiro alitulia, akatoa ulimi, akalamba kidole cha baba. Akalamba tena. Kisha akaanza kula, kwa kishindo cha mtu mwenye mafua, akipumzika kuvuta pumzi na kurudia, mpaka kiganja kikawa safi. Nililia pale pale mbele ya mgeni.

Mafua yale hayakuisha kabisa. Alikoroma chini ya kiti cha baba kwa miaka iliyomsalia. Lakini alikula.

Jioni ile, baada ya kumsindikiza mgeni, nilimuuliza baba alijuaje kwamba atakubali. Alikuwa ananawa mikono.

"Sikujua," akasema. "Mama yako nilimtafuniaga hivyo, siku za mwisho. Yeye alishindwa kumeza."