Isaac na Sensa Isiyohesabu Watu

Isaac Komora wa Kulesa alisoma mto Tana miaka thelathini na mmoja. Ubao mrefu wenye alama nyeusi na nyeupe ulisimama majini, naye kila asubuhi aliteremka ukingoni, akatazama maji yamefika wapi, akaandika daftarini. Sisi tulipanda na kuvuna kwa daftari lile. Ukimuuliza hali, hakujibu "nzuri". Alijibu, "Mia moja na arubaini."

Mwaka juzi akaja binti mhandisi, Mitchelle, akatangaza barazani kwamba ameleta sensa. Bibi mmoja akaanza papo hapo kutaja wanawe, pamoja na wale wawili walio Mombasa.

"Si ya watu, bibi, ni ya maji," Mitchelle akasema. "Ni kihisi."

"Maji yanapita tu, utayahesabuje?" bibi akamjibu, akaketi amenuna.

Kihisi chenyewe kilikuwa kikopo kama cha majani ya chai, kimening'inizwa kwenye mkono wa chuma juu ya mto, na kioo kidogo cha namba kwenye nguzo. Kilituma sauti tusiyoisikia, ikagonga maji, ikarudi. Mitchelle alieleza yote: hakikosei zaidi ya sentimita moja, kinajibu upesi, ila maji yakikisogelea chini ya hamsini hakioni tena. Isaac aliitikia kwa kichwa kama anavyoitikia kanisani mahubiri yakiwa ya Kiingereza. Binti alipoondoka, aling'oa ubao wake, akaufanya kenchi ya kubebea paa la banda la mbuzi.

Ikafika Novemba. Mvua ilinyesha huko bara, na Kache, dada wa mke wa Isaac, alikuwa na mpunga bondeni uliobakisha wiki moja kukomaa. Ndio chakula chake cha mwaka mzima. Akiuvuna mbichi, punje zitavunjika. Akingoja na mto uje, hana kitu.

Jumatatu Isaac akatangaza dukani, "Mia mbili na tisini." Jumanne, mia mbili na hamsini. Jumatano, mia mbili na tano. "Mto unashuka, jamani. Laleni!"

Alhamisi asubuhi Kache akamjia, kanga imelowa hadi magotini.

"Shemeji, mto wako unashuka?"

"Mia moja na hamsini. Umeshuka sana."

"Basi hii kanga nimeilowesha kwa jasho? Jana nilichomeka kijiti ukingoni. Leo sikioni!"

"Kijiti chako hakijasoma, Kache. Mashine haisemi uongo."

"Haisemi uongo, ila wewe huijui lugha yake. Mpigie yule binti."

Isaac akapiga, simu ikiwa na sauti kubwa, nasi tumemzunguka.

"Mzee Isaac," Mitchelle akasema, "kile kinapima nafasi iliyo kati yake na maji. Namba ikipungua, maji yanapanda!"

 Kache akamgeukia Isaac: "Kumbe siku zote hizi umekuwa ukitusomea hewa!"

Tukacheka hadi bondeni, lakini miundu tulikuwa nayo mkononi. Siku mbili tulivuna, kijiji kizima, naye Isaac amesimama kwenye nguzo akipiga kelele: "Mia na ishirini! Tisini! Fanyeni haraka, sabini!" Gunia la mwisho lilitoka bondeni Ijumaa jioni. Punje nyingine zilivunjika kweli, ila zilikuwa ndani ya nyumba. Jumamosi alfajiri maji yalikaribia kukilamba kikopo, kisione tena, na kioo kikaandika mia sita.

"Mto umekauka, shemeji?" Kache akauliza.

Maji yalipopungua, mbuzi walikosa kenchi. Ubao ukarudi mtoni, chini ya kihisi. Siku hizi Isaac husoma vyote viwili na kujumlisha. Kimoja kikipanda kingine hushuka, lakini jumla ni ileile: mia nne na thelathini. Ikibadilika, anajua kimojawapo kinadanganya. Siku moja ilipungua sana, akapanda kutazama, akakuta buibui ametanda utando mbele ya kikopo.

Kache hapeleki mbegu bondeni kabla ya kupita kwa Isaac.

"Hujambo, shemeji?"

"Mia nne na thelathini."

Hapo ndipo anapojitwika kapu lake.