Kapya Alishindwa Kusimama, Lakini Akacheza

Mume wangu Kapya alikuwa hawezi kuinuka kwenye kiti. Lakini ukimtia kwenye ngoma za chama, anacheza.

Msicheke kwanza. Mimi nilikuwepo.

Ilikuwa miaka ya themanini, hapa hapa Lubumbashi, wakati wa Zaire. Kapya alikuwa fundi wa mashine kwenye kampuni ya shaba, na tulikaa nyumba ya kampuni. Kazi ikipotea, na nyumba imekwenda.

Asubuhi kabla ya kazi, wafanyakazi walipangwa uwanjani kukiimbia chama tawala na kukata viuno. Watu wazima, jamani! Aliyewaongoza ni Citoyen Mwape, yaani Raia Mwape, chef, mkubwa wa Kapya kazini. Mashine hakujua hata inawashiwa wapi. Kiuno ndicho kilichompa cheo.

Basi miguu ya Kapya ikaanza kulegea. Kinywa kikavu, maji kila saa. Kuinuka mpaka nimvute. Dispensari wakampa vidonge vya malaria, nami nikamhimiza avimeze.

Siku moja nikamsindikiza kazini. Ngoma zikalia, yeye kwenye benchi kashindwa kusimama. Wenzake wakamnyanyua. Hatua za kwanza aliburuza miguu. Baadaye ikakubali, akaanza kucheza kabisa.

Mwape akasimamisha ngoma.

"Mumeona? Kazi hawezi, kucheza anaweza! Huyu anajifanya mugonjwa!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Chef, ata mi sijue," Kapya akasema. "Nikianza, nguvu inakuya. Nikikaa, inapotea."

"Ile ni ugonjwa ya bavivu!"

Siku hiyohiyo akatupakia kwenye gari ya kampuni kwenda hospitali kubwa. Mnadhani ni huruma? Thubutu! Alitaka daktari athibitishe kwamba Kapya ni mzima, ili amfukuze. Nyumba yetu alishamwahidi shemeji yake. Mtu mzima, roho kama ya panya!

Tukapokelewa na Dokta Kasonde, mama mwembamba asiye na maneno mengi. Mwape, na abakosti yake, lile koti la wakubwa wa chama, imembana tumbo, akaanza kuhubiri.

"Docteur, mwanzo anajifanya hana nguvu. Kisha anasahau uongo yake."

Dokta akampa Kapya vidole viwili.

"Baba, finya."

Alifinya kama mtoto mchanga.

"Finya tena. Tena. Usiache."

Mara dokta akakunja uso kwa maumivu. Kapya alikuwa anambana kwelikweli.

Mwape akapiga makofi. "Si nilisema!"

Dokta hata hakumtazama. "Baba, unavutaka tumbaku?"

"Ndiyo, mama."

"Tunapiga picha ya kifua leo."

Walikuta kansa kwenye pafu. Ndogo. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Dokta akanikalisha. "Mama, mwili iko na askari yake. Banapiganisha ile kansa. Lakini kansa inafanana na fasi, pale mishipa inapatia misuli amri, basi askari banapiga fasi zote mbili. Bwana yako akirudia-rudia kufinya ama kucheza, amri inapita kidogo, nguvu inarudi. Ni ugonjwa ya nadra sana. Kama miguu haingelegea, tungeona ile kansa imeshaenea."

Wakampa dawa kali. Nywele zikaisha zote, lakini miguu ikarudi. Aliishi miaka mingine, akawaona wajukuu.

Na Mwape? Aliporudi Kapya kazini, yule bwana alisimama uwanjani bila haya.

"Ni mimi nilimuokoa! Nilimupeleka na gari!"

Wakampigia makofi. Jioni akaja kwetu, akakaa, akangoja shukrani.

Kapya akamwambia, "Asante, chef."

Nilitaka kumrushia sufuria. Mgeni alipoondoka nikafoka, "Unamshukuru yule?"

"Mama, weye ulinipenda, ukanipa vidonge vya malaria. Yeye alinichukia, akanipeleka kwa docteur."

Mwape simheshimu mpaka leo, ila hilo siwezi kumnyang'anya.

Ndugu zangu, mgonjwa wako usimpende kwa kubahatisha. Mpeleke kwa anayejua, hata kama moyoni unaona umeshaelewa.