Viberiti Sabini na Vitatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilishindwa na bibi mmoja wa Kisumbwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini, katika kigango kimoja cha Ushirombo. Kigango, kwa vijana msiojua, ni kanisa dogo la kijijini ambalo padre hulifikia mara chache, kwa hiyo siku nyingine zote mzigo ni wa katekista, mwalimu wa dini kama mimi. Nilivaa shati jeupe nililolipiga pasi mara mbili. Nikainua Biblia juu, nikatangaza kwamba kitabu hiki kimeandikwa na Mungu mwenyewe. Yule bibi alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha. Akauliza, "Aliandika kwa mkono upi, baba?"

Watu wakacheka. Nikajibu kwamba mambo ya Mungu hayaulizwi hivyo.

"Basi hujui," akasema, akaendelea kusuka ukili wake.

Nyuma kabisa alikaa Katekista Mkuu, mzee aliyesimamia makatekista wote wa parokia, aliyekuja kuona nitaanzaje. Hakunitetea hata kwa neno moja. Kipindi kilipokwisha nilimsindikiza hadi kwenye baiskeli yake, nikitegemea kupewa moyo. Akaniambia, "Bibi amesema kweli. Nitamwomba Padre Paroko akupeleke chuoni mapema, kabla hujazoea kutojua." Nilikasirika wiki nzima, kisha nikaenda chuoni.

Chuo cha makatekista kilichukua miaka miwili. Padre Mkurugenzi alikuwa Mzungu mrefu, Kisukuma chake kizuri kuliko Kiswahili chake. Somo lake la kwanza lilinivunja nguvu, kwani alianza pale pale nilipoangukia. Alisema neno Biblia limetoka Kigiriki, na maana yake ni vitabu, si kitabu. Ni maktaba. Imeandikwa na watu wengi kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja: wafalme, wachungaji, makuhani, wavuvi, na wengine ambao majina yao hayajulikani. Agano la Kale liliandikwa sehemu kubwa kwa Kiebrania, kidogo kwa Kiaramu, na sehemu nyingine ikatufikia kwa Kigiriki. Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki. Kabla ya kuandikwa, mengi yalikaa vinywani mwa watu, baba akimsimulia mwana, na hayo ndiyo tunayoyaita Mapokeo. Sisi watoto wa Usukuma hatukupata shida kulielewa hilo, maana babu zetu walitaja vizazi vya ukoo bila karatasi.

"Na Mungu yuko wapi hapo?" nikamuuliza. Bado nilikuwa na kinyongo.

"Yuko ndani," akasema. "Hakuwashika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika. Aliwaangazia, wao wakaandika kwa akili zao, kwa lugha zao, hata kwa hasira zao. Tunaita uvuvio. Andika neno hilo."

Nililiandika. Nimelifundisha miaka zaidi ya ishirini na sijachoka nalo.

Padre Mkurugenzi ndiye aliyetufundisha kazi ya viberiti. Kila mwanachuo alitakiwa kukusanya maboksi matupu sabini na matatu ya kiberiti, akabandika juu ya kila moja jina la kitabu, akayapanga kwenye sanduku la mbao. Agano la Kale arobaini na sita: vitano vya Torati, kumi na sita vya historia, saba vya hekima, kumi na nane vya manabii. Agano Jipya ishirini na saba: Injili nne, Matendo ya Mitume, nyaraka ishirini na moja, na Ufunuo. Alipita na fimbo, anamwaga sanduku lako chini, anasema, "Panga." Ukimweka Baruku kati ya wainjili, unalala bila maharage. Orodha hiyo nzima ya vitabu inaitwa kanoni, yaani kipimo, na Kanisa liliitambua polepole, kwa kusali na kubishana, katika mitaguso, yaani mikutano mikuu ya maaskofu.

Kituo changu cha kwanza baada ya chuo kilikuwa Kishapu. Nchi kavu, pamba na ng'ombe, vumbi hadi kwenye chai. Nilifundisha kwenye banda la kununulia pamba msimu ulipokwisha, na siku za mnada nilitandika mkeka pembeni, nikafungua sanduku langu. Waswahili wa mjini wangeniona kichaa. Lakini wachungaji waliotoka kuuza ng'ombe walichuchumaa wakashindana kupanga Torati hadi Malaki. Nasema bila aibu, nilikuwa hodari. Katika vigango vya kule hakuna mkatekumeni wangu, yaani mtu anayejiandaa kubatizwa, aliyekwama mbele ya Padre Paroko kwa swali la Maandiko. Sifa zikanifikia, nami nikazipokea zote.

Nadhani ni sifa hizo zilizonipeleka Geita. Mwishoni mwa miaka ya sabini wachimbaji wadogo walikuwa wamejaa kwenye vilima vya kule, na Padre Paroko wa huko akaomba katekista asiyeogopa watu. Kambi ilikuwa ya nyasi na maturubai. Mashimo ya dhahabu waliyaita maduara, na magogo ya kuzuia udongo usiwaangukie waliyaita matimba. Katika darasa langu alikuwemo Mama Kulwa, mama wa mapacha, aliyewapikia wachimbaji ugali na dagaa. Mumewe, Baba Kulwa, alikata matimba, na alikuwa mzee wa kanisa katika dhehebu lingine lililokuwa na banda lake upande wa pili wa kambi. Mama Kulwa alizaliwa Bukombe, akakulia kati ya Wakatoliki, na mumewe alimruhusu kubatizwa kwetu. Si waume wengi wangekubali.

Yeye hakujua kusoma. Jioni mumewe alimsomea Biblia yake. Siku moja darasani akanyoosha mkono. "Mwalimu, nilimwomba Baba Kulwa anisomee habari ya Tobiti uliyotusimulia. Ametafuta, amesema kwake haimo. Kwa nini?"

Jibu sahihi nilikuwa nalo. Nilifundishwa, nililiandika, nililifanyia mtihani. Lakini darasa lilikuwa limejaa, na mimi napenda darasa lililojaa. Nikatoa kwenye sanduku Tobiti, Yudithi, Wamakabayo wawili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku, viberiti saba, nikavitupa chini kimoja kimoja. Cha mwisho nikakikanyaga. "Wenzetu walivichana," nikasema. "Anachosoma mumeo ni kitabu kilichochanwa." Wakapiga makofi. Mama Kulwa hakupiga. Aliniangalia tu, kisha akaviangalia vile viberiti.

Jumapili iliyofuata Baba Kulwa alikuwa na wageni nyumbani, mchungaji wake na wazee wenzake. Alipofungua Biblia ili wasali kabla ya kula, mkewe akaifunika kwa mkono wake, akasema mbele ya wote kwamba katika nyumba yake hakisomwi kitabu kilichochanwa na watu. Kesho yake Baba Kulwa alimpandisha kwenye lori la kwenda Bukombe, kwa baba yake. Mapacha akabaki nao.

Padre Paroko aliniita ofisini. Hakuniambia niketi.

"Ni kweli ulisema walichana?"

"Nilisema, Padre."

"Chuoni walikufundisha hivyo?"

"Hapana."

"Basi umevunja nyumba ya watu kwa uongo, ukitumia Maandiko." Akavua miwani. "Nenda kaijenge. Ukishindwa, usirudi darasani."

Sikulala vizuri siku hizo. Nilipenda kazi yangu kupita kiasi, lakini kilichonikaba zaidi ni wale mapacha. Niliwakuta kwa Baba Kulwa wakichezea maganda ya miti, na yeye akinoa shoka. Nikamwambia nimekosa, na nimekuja kuomba msamaha. Hakuniangalia.

"Kosa lako hukulifanyia hapa," akasema. "Mke wangu alilibeba kutoka kwako mpaka mezani kwangu. Twende ukalitoe mbele ya baba yake. Na uje na viberiti vyako."

Tukasafiri wawili kwa lori, juu ya magunia ya mpunga. Baba yake Mama Kulwa alikuwa mfugaji, mzee asiyefuata dini yetu wala ya mkwewe. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatandika ngozi ya ng'ombe chini. Mama Kulwa akaketi karibu na mama yake, uso ameugeuzia ukutani. Nikapanga viberiti vyote juu ya ile ngozi.

Nikaeleza kama nilivyopaswa kueleza tangu mwanzo. Kabla ya Kristo, Wayahudi wengi walihamia nchi za mbali, Misri hasa, wakasahau Kiebrania. Maandiko yao yakatafsiriwa kwa Kigiriki, na katika makusanyo hayo ya Kigiriki vikawemo na vile saba. Wakristo wa kwanza wengi walisema Kigiriki, kwa hiyo hayo ndiyo waliyoyasoma, na Kanisa Katoliki likavishika. Baadaye Wayahudi walishika orodha ya Kiebrania, isiyo na vile saba. Karne nyingi zikapita, ndugu zetu walipojitenga nasi wakaamua katika Agano la Kale kuifuata orodha hiyo. Kwa muda mrefu wao pia walivichapa vile saba, wakiviweka pembeni kama vitabu vizuri vya kusoma, hadi wachapaji wengi wakaviacha. "Hakuna aliyechana," nikasema. "Mimi nilisema uongo ili nipigiwe makofi."

Mzee akasogeza vile saba kando kwa kidole, akavirudisha, akavisogeza tena.

"Kumbe ni hesabu ya ng'ombe," akasema. "Mtu ana ng'ombe zizini, na wengine amewaweka kwa rafiki yake nchi ya mbali, wakazaliana huko. Akifa, mwana mmoja anahesabu wa zizini tu. Mwingine anahesabu na wale wa kwa rafiki. Ninyi ni yupi?"

"Sisi tunahesabu wote, baba."

"Na huyu mkwe wangu?"

"Wa zizini," Baba Kulwa akajibu mwenyewe.

"Basi hapo kuna ubishi, mwizi hayupo. Mke wa mtu anarudishwaje kwao kwa ubishi wa hesabu?" Alimwuliza mkwewe, lakini mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Mfugaji ambaye hakuwahi kuingia kanisani alikuwa ameielewa kanoni haraka kuliko mwanachuo yeyote niliyesoma naye.

Baba Kulwa akageuka kwa mkewe. "Nilikuwa na hasira. Rudi nyumbani, watoto wanakuulizia."

Nikadhani yamekwisha. Mama Kulwa akasimama, lakini hakuenda kwa mumewe. Alikuja mbele yangu.

"Mwalimu, nilimwaibisha mume wangu mbele ya wageni wake kwa neno lako. Leo unasema neno lingine. Nami sijui kusoma. Nitajuaje kwamba kesho hutakuja na la tatu?"

Katika kazi yangu yote sijaulizwa swali zito kuliko hilo. Nikamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma, "Hutajua, mayu. Usinitegemee mimi. Jifunze kusoma."

Alirudi kambini na mumewe. Padre Paroko aliniacha kazini kwa sharti kwamba nirudie maelezo yote darasani, viberiti na yote, na kosa langu nilitaje kwa jina lake. Nilirudia. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Kulwa aliomba ubatizo wake uahirishwe hadi atakapoweza kusoma. Ilikuwa miaka ya kisomo cha watu wazima, madarasa yalikuwa kila mahali, lakini mwalimu wake mkubwa alikuwa Baba Kulwa, akimwongoza mstari kwa mstari katika Biblia yake ile ile. Mwaka uliofuata alibatizwa asubuhi ya Jumapili, akasoma somo la kwanza kwa sauti yake mwenyewe. Baba Kulwa aliketi benchi la nyuma na Biblia yake magotini, akifuatilia kuona kama haruki neno.

Nilistaafu miaka ya themanini ilipokaribia kwisha, magoti yalipokataa baiskeli. Sasa naishi Ngokolo, na makatekista vijana hunijia na maswali. Wanajua mengi kuliko nilivyojua, nami nafurahi. Nikiwaona wanalewa sifa, ndipo ninapowasimulia habari hii. Maandiko yamepita mikononi mwa watu wengi waangalifu kabla ya kutufikia, wanakili, watafsiri, maaskofu waliobishana kuhusu kitabu kimoja miaka mingi. Mimi niliharibu kazi yao kwa dakika moja, kwa sababu darasa lilikuwa limejaa.

Aliyechukua nafasi yangu kule kambini alikuwa Mama Kulwa. Padre Paroko aliniuliza nani anafaa, nikamtaja kabla hajamaliza kuuliza. Nilibaki siku chache ili nihudhurie somo lake la kwanza. Nilikaa benchi la mbele, Baba Kulwa kando yangu, darasa limejaa hadi mlangoni. Mama Kulwa akafungua Biblia mezani, akawatazama watu wake.

"Kabla hatujaanza," akasema, "jueni kwamba mwalimu wangu aliwahi kunidanganya. Huyu hapa." Akaninyooshea mkono. "Niligundua kwa sababu alirudi kuniambia. Nami nitakosea. Kwa hiyo kila mmoja wenu atajifunza kusoma."

Watu wote wakageuka kuniangalia. Baba Kulwa akanigusa kwa kiwiko, akaninong'oneza, "Simama, mwalimu, wakuone vizuri."

Nikasimama.