Mkono wa Baridi na Neno la Baba

Ndagala, dagaa za ziwa letu, zikikauka vizuri na kumiminwa kwenye beseni, zinalia kama mvua ndogo inayoanza juu ya bati. Mpaka leo nikiusikia mlio huo sokoni, miguu yangu inasimama yenyewe. Juzi hapa Uvira mama mmoja alimimina zake karibu yangu, nikabaki nimesimama na kikapu mkononi kama mtu aliyesahau alichokuja kununua, mpaka akaniuliza, "We dada, unanunua ao unaangalia tu?" Nikacheka. Nikamwambia naangalia tu. Ningemwelezaje kwamba wakati ule sikuwa Uvira? Nilikuwa kwetu Baraka, ukingoni mwa ziwa, mtoto wa miaka tisa, mchanga unaniunguza nyayo.

Unajua kazi ya ndagala ilivyo. Wavuvi wanarudi asubuhi na taa zao zimezimwa, bamama wanagawana mzigo, zinatandazwa mchangani zing'ae kama vipande vya kioo. Halafu kazi iliyobaki ni ya watoto: kuzigeuza, kufukuza bata, kufukuza kunguru, kumfukuza mtoto mwenzako anayekula moja moja akidhani hamumuoni. Jua linakaa juu ya kichwa. Harufu ile inaingia kwenye nywele na kanisani mnakwenda nayo. Tungeichukia kazi ile, rafiki yangu, kama si Tantine.

Tantine alikuwa mke wa jirani yetu, fundi wa mota za mitumbwi. Alitoka Bukavu, alikosoma kwa masista, na kugeuza ndagala hakujua kabisa. Alizishika kwa vidole viwili kama zitamuuma. Bamama walimcheka, yeye akacheka pamoja nao, halafu akakaa kwenye gogo, mtoto wake mgongoni, akaanza kutusimulia vitabu. Vilikuwa vitabu vya wachawi, vinafuatana, tome ya kwanza, ya pili, ya tatu, amevisoma vyote shuleni kwa Kifaransa. Sisi alitumiminia kwa Kiswahili chetu, akiweka bugali pale ambapo wachawi labda walikula mkate.

Kulikuwa na shule juu ya mlima ambao wingu haliondoki. Watoto wa pale walijifunza kubeba moto kwenye kiganja. Mmoja akikosea anageuka kuku, na jioni mwalimu anamgeuza tena kuwa mtu, wanakwenda kula. Hayo tulipenda. Lakini katika tome ya pili alikuja mchawi mmoja ambaye hakuwa anapiga kelele. Alimsogelea msichana mdogo wa shule ile, akamtamkia neno moja tu, polepole, na mkono wa kuume wa yule msichana ukawa baridi. Tantine alisema ile ndiyo laana ya giza, na laana ya giza si kama michezo ya kuku. Katika tome ya tatu mchawi yule alikufa, sisi tukapiga makofi, lakini mkono ukabaki baridi vilevile. Msichana akimshika mtoto, mtoto analia. Akishika mkono wa mama yake, mama anauondoa bila kutaka, halafu anaona haya.

Koko yetu, mama wa baba, ndiye aliyetulea. Mama yetu alifariki mudogo wangu wa kiume akiwa bado wa kubebwa. Koko alikuwa anasikiliza akijifanya hasikilizi, na siku ile aliacha kazi, akasimama na mikono kiunoni.

"Tantine, hicho kitabu chako kimeandikwa na mutu hajui bintu. Laana inatokaka. Ile mudomo ilisema, ile mudomo inakuja, inakunywa maji, inatema kwa kifua cha mutoto, inasema neno yangu nimerudisha. Njo vile. Imeisha."

"Lakini koko, ule muchawi alikufa."

"Kwani hana dada? Damu ni moja, mudomo ni moja. Bamuite dada yake!"

"Mu kitabu hakuna dada."

"Mutu bila dada!" Koko aligeukia wenzake. "Munasikia? Kumbe njo maana alikuwa mubaya."

Bamama walicheka mpaka bata wakapata nafasi ya kula. Mmoja wao akasema, mi huyo mutoto wala asiponywe, mumulete hapa Baraka, ashike samaki wangu wa kuhe asubuhi, nifike nao sokoni bado wabichi. Tukaanza wote kugombania mkono ule: nani ataanza kuwekewa samaki, nani ataweka maji ya kunywa. Tantine alicheka mpaka machozi. Akasema katika tome ya nne ilikuwa karibu hivyo, watu wa kijiji walimletea maziwa ayashike yasiharibike, na yeye akapata rafiki. Lakini tome ya mwisho hakuisoma. Mwanafunzi mwingine alikuwa ameichukua, likizo ikafika, halafu ndoa, halafu kuhamia Baraka. "Nitaitafuta," alituambia. "Mukono ule na mimi unaniumaka."

Mudogo wangu, wa miaka sita, hakuuliza kitu. Alikuwa majini. Yule mtoto alikuwa samaki! Koko alimtoa ziwani kila jioni kwa kumuahidi chakula na kumtishia fimbo kwa pamoja.

Halafu vita ikarudi. Nani alimpiga nani sitakueleza, kwa sababu wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba milio ilitoka upande wa barabara, na watu wote wakakimbilia upande wa maji. Baba yetu aliendesha mtumbwi mkubwa wa tajiri mmoja, wenye mota, na siku ile hakuuliza nauli. Alijaza bamama na watoto wavuke kwenda Kigoma. Koko alichelewa, alirudi ndani kuchukua sufuria. Tulipofika ukingoni mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa, umejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Tantine alikuwa mle na mtoto wake. Nilimuona, alikuwa ananipungia mkono kwamba nije, halafu akauteremsha.

Mudogo wangu alikimbia majini. Maji yalimfika kiunoni, kifuani, mkono wake ukashika ubao wa mtumbwi, na mtumbwi ukainama upande ule, watu wakapiga yowe. Baba hakuwa mtu wa kupaza sauti, hata sikukumbuka siku amewahi. Siku ile alipaza.

"Toka mu maji! Toka! Usikanyage tena hii maji, unasikia? Rudia kwa koko!"

Akamsukuma kwa kasia, si kwa nguvu, kama unavyosukuma kitu kinachoelea. Mtoto akarudi akitembea kinyumenyume, macho kwa baba. Mota ikashika. Wakaondoka.

Tulipanda kwa miguu mpaka Fizi, juu milimani, familia moja ya kanisani kwao koko ikatupokea. Kule asubuhi ni baridi, ukiongea unatoa moshi mdomoni, na sombe, majani ya muhogo, tulikula bila samaki, na mawese kidogo. Watoto wa nyumba ile waliniomba hadithi, nikawapa wachawi wa Tantine, tome kwa tome. Nilipofika mwisho wa ninachokijua, nilirudi mwanzo. Mudogo wangu, ambaye zamani hakuwa anasikiliza, sasa alikuwa anakaa mbele ya wote. Habari za mtumbwi zilikuja za kila namna. Mmoja alisema ulifika. Mwingine alisema ulionekana unageuka upande wa rasi ya Ubwari. Mwingine alinyamaza tu, na huyo ndiye koko aliyemuogopa zaidi.

Tuliporudi Baraka nyumba ilikuwa haina bati, lakini ziwa lilikuwa palepale, na watoto wote walitupa nguo na kuruka ndani. Mudogo wangu alitembea mpaka pale mchanga unapoanza kuwa na unyevu, akasimama. Siku ile, na siku zilizofuata. Sabuni mkononi, anawaangalia wenzake.

"Mbuzi! Mbuzi anaogopa maji!"

"Anaogaka nyuma ya nyumba, kama mama amezaa!"

"Baba alikataza," aliwajibu. Hakulia wala hakukasirika. Alisema kama mtu anayewatajia saa. Na mtoto gani atabishana na neno la baba?

Koko alijaribu kumvuta kwa mkono; akakaa chini, akawa mzito kama gunia. Mtoto wa Baraka asiyegusa ziwa, koko alisema, atakula nini akiwa mkubwa, ataoa kwa mali gani? Lakini nilimjua koko, hofu yake haikuwa ya chakula. Mwanawe aliacha neno moja duniani, na neno lenyewe lilikuwa la kumfukuza mtoto. Mimi nami kichwani nilikuwa na lile la tome ya tatu, mchawi amekufa, mkono uko baridi vilevile. Nikamuuliza, "Koko, na kama baba amekufa?"

Alinipiga kofi dogo mdomoni. "Nani amekuambia amekufa?" Akaendelea kuchambua sombe, jani kwa jani. Halafu akasema, si kwangu, kwa sombe: "Baba yenu iko na dada."

Basi akatuma mtu kijiji cha Swima, kumuita shangazi. Alikuja na gari la mihogo, mnene, mcheshi, kisigino kimevimba, anapiga kelele kabla hajashuka. "Munaniita mbio hivi, mi nilifikiri ni ndoa! Nimevaa mupaka kitenge ya sikukuu!" Koko alimuweka kando, wakaongea. Nilimuona shangazi anatoa kitambaa chake cha kichwani, anajifuta uso, anakifunga upya. Hakutania tena.

Kesho yake walituongoza ukingoni, sisi wanne tu. Shangazi aliingia ziwani na kitenge chake cha sikukuu, akateka maji kwa kiganja, akayaweka mdomoni. Akarudi mbele ya mudogo wangu, akamtemea kifuani, mara tatu, maji yakamtiririka mpaka kitovuni.

"Kama ni mudomo ya kaka yangu ilisema," akasema, "mudomo yetu ni moja, mi ninarudisha. Alisema sababu alikupenda. Alisema sababu mutumbwi ilikuwa inainama. Ile neno imefanya kazi yake. Ipumuzike."

Mudogo wangu alijifuta maji kifuani. Kisha akauliza, "Na ule mutoto wa mukono ya baridi, kwa nini hawakumuita shangazi yake?"

Shangazi hakujua anaulizwa nini, aligeuka kwetu. Koko alijifunika uso na kitenge. Ni mimi niliyejibu, nikamwambia kitabu hakikuisha, labda yuko njiani. Akatikisa kichwa, akakubali. Akaingia. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu, akasimama. Yakafika magotini. Pale akabaki, mikono ameinua juu kama anabeba kitu.

"Songa basi!" shangazi akasema.

"Baba alisema nisikanyage, we umesema nikanyage. Nimekanyaga."

Koko akapiga vigelegele vya mpaka sauti kukatika, jirani wakatoka nje, na jioni kuku akachinjwa.

Sasa ukiniuliza ni nini kimebaki, rafiki yangu, nitacheka kwanza kabla sijajibu. Ziwa limepanda miaka hii, limekula mchanga wote tuliotandazia ndagala. Pale gogo la Tantine lilipokuwa, mitumbwi inapita juu yake. Koko amelala Fizi, milimani, mahali ambapo maji hayatamfuata. Tantine hakurudi. Huwa nasema yuko Kigoma, amenenepa, anasimulia. Baba naye namuweka huko huko, sina kazi ya kumuweka mahali pabaya. Mudogo wangu ni fundi wa nyumba, mzuri, ana mke na watoto, na watoto wake ni samaki. Yeye mwenyewe hajawahi kupita magoti mpaka leo. Na mimi, niliyeishia darasa la sita, ninaota kuiandika ile tome ya mwisho. Usinicheke. Nimeshajua mlima ulivyo, wingu lilivyo, na harufu ya maziwa. Nikifika kwenye mkono ndipo kalamu inasimama. Siwezi kuamua kama nimpe joto, ao nimpe tu watu wasiouondoa mkono wao.

Lakini kuna asubuhi moja sikuwahi kumwambia mtu. Ni ile iliyofuata baada ya kuku. Koko alikuwa nje tangu mapema, anawatangazia bamama kwamba imeisha, kwamba leo mutoto wake ataoga ziwani kama wengine, waje waone. Nami nikamuona mudogo wangu mlangoni, sabuni mkononi, anasikiliza koko akijivunia. Alikuwa ametazama chini.

Nilizunguka nyumba. Nikachukua ndoo, nikaenda ziwani peke yangu, nikateka mahali maji ni safi, nikarudi nayo kichwani kwa kupitia nyuma ili koko asinione. Nikaiweka nyuma ya nyumba, pale anapoogea, ukutani panapopata jua. Nikaifunika na sahani, majani yasiingie. Nikaondoka kabla mudogo wangu hajafika.