Muunganisho Uliokula Mtandao

Watu wa ofisi ile walimwita fundi wao Mzee Subiri, kwa sababu ndilo neno alilowajibu kila walipolalamika. Hakuwa mzee hivyo, uchovu tu ulikuwa umemtangulia. Mtandao ukizorota, lawama zote zake. Ukienda vizuri, hakuna aliyekumbuka kwamba yupo.

Wiki hiyo mtandao ulikuwa unatambaa. Meneja akamwambia, "Fundi, mtafute anayetumaliza, umkate leo leo."

Kusema ni rahisi. Kompyuta ya Linux iliyogawa mtandao kwa ofisi nzima ilimwonyesha jumla tu, na jumla ni kama kujua tangi linakauka bila kujua bomba lipi limeachwa wazi. Akaketi, magoti yakalia, akaandika amri ya kupima kila muunganisho peke yake. Mistari ikajipanga: barua pepe, benki, mtu anayetazama mpira huku akijifanya anachapa kazi. Yote midogo, inakuja na kuondoka. Mmoja ulikaa juu kabisa, haushuki, nao ulielekea mapokezi.

Karani wa mapokezi alipomwona anakuja, aliziba kona ya skrini kwa kiganja. Kisha akakiondoa mwenyewe. Palikuwa na picha ya kamera ya nyumbani kwake: sebule, na bibi kizee kitini.

"Ni mama, kaka. Akili imeanza kumpotea. Juzi alifungulia gesi, akaenda kulala. Nikimwona anaelekea jikoni nampigia jirani."

"Huna mtu wa kukaa naye?"

"Ningekuwa naye, ningeshinda nimekodoa macho hapa?"

Fundi akakuna kichwa. Akiukata muunganisho, mama wa watu hana wa kumwangalia. Akiuacha, kibarua chake kitaota nyasi. Roho ilimuuma, na alikasirika kuumwa na mambo yasiyo yake.

Akarudi kwenye mashine, akaubana muunganisho ule mmoja hadi ukabaki mwembamba kama uzi. Ofisi ikafunguka papo hapo. Meneja akapiga makofi ukumbini: "Umemkata! Fundi, wewe moto!" Yeye akaelekea mapokezi.

Kule mapokezi picha ilikuwa imevunjika vipande vya rangi. Doa la kijivu lilisogea kutoka kitini.

"Naona anatembea," karani alisema. "Nashukuru, kaka. Ila sura siioni tena. Huwa anageuka ananipungia, anadhani niko ndani ya kamera."

Doa likasimama katikati ya sebule. Karani akainua mkono, akalipungia, isije ikawa mama amempungia naye hakujibu.