Ngitili ya Bibi

Juzi walifyeka majani mbele ya ofisi ya halmashauri. Harufu ile mbichi ilinifikia mlangoni, nikashindwa kuingia. Hasira hii sijui niipeleke wapi.

Bibi alikuwa na ngitili, kipande cha malisho alichokifunga msimu wote wa mvua ili ndama wapate nyasi kiangazi. Tulipokusanywa katika vijiji vya ujamaa, bwana mmoja kutoka wilayani alikuja kupanga nyumba kwa mstari, na mstari ukapita humo humo.

“Shikamoo, mama. Hapa mtajenga. Mtaletewa bomba.”

“Marahaba, mwanangu. Ndama wangu wanakula bomba?”

Watu walicheka, naye akacheka. Kisha ngitili ikafyekwa yote, tukajenga juu yake. Bomba halikuja.

Kiangazi, ndama wetu wa mwisho alishindwa kusimama. Bibi akapanda ngazi, akang'oa nyasi za paa la nyumba ile mpya, akamlisha. Mimi nilimshikilia kichwa, ulimi wake ukinikwaruza kiganja.

Yule bwana alirudi kukagua. Alisimama uani akitazama paa, wala hakusalimu.

“Mama, nani kakuruhusu kuharibu kijiji?”