Mbwa wa Madam Uwanjani

Wenzangu, hadi leo nikikumbuka hufunika uso kwa aibu. Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani hapa Dubai. Ijumaa moja timu mbili za kulipwa kutoka ng'ambo zilikuja kucheza besiboli, na mashabiki wakaruhusiwa kuingia na mbwa wao. Tulipofika uwanjani, Madam, mwajiri wangu, akanikabidhi Bella, kijibwa chake cheupe, akaenda kusalimia marafiki.

"Ukimpoteza, khalas, kazi imekwisha, unarudi Kenya," alisema, na hakuwa anatania.

Mpira ulipopigwa, uwanja mzima ulilipuka kwa kelele. Bella akachomoa kichwa kwenye ukanda, akapotelea kati ya miguu ya watu. Nilitambaa chini ya viti nikimwita huku nalia, hadi nikaona kijibwa cheupe kinalamba soda iliyomwagika. Nikamvisha ukanda, nikamkumbatia. Mimi niliyeogopa mbwa tangu utotoni nikambusu hadi puani.

Madam akarudi. Mikononi alikuwa amembeba Bella, kijibwa kimelala fofofo. Nyuma yake alisimama mzee mmoja anahema, ameandamana na askari wa mlangoni.

"Ndiye huyu!" mzee akapaza sauti, akininyooshea kidole. "Ndiye mwizi wa mbwa wangu!"